Kupiga bluzi mbele ya watu Malindi: mwongozo kamili kwa anayeanza na anayetafuta sauti yake

Wanaojifunza bluzi hapa Malindi hukwama pahali pamoja. Chumbani gita linakubali, vidole vinakwenda, wimbo unatambulika. Mbele ya watu kumi tu, hesabu inapotea kwenye mstari wa pili, sauti inageuka ya Mmarekani ambaye hata hajulikani katoka wapi, na wasikilizaji wanarudi kwenye simu zao. Swali linalofuata ni lile lile kila mara: nifanye nini nisikike kama mimi?

Jibu langu ni kwamba kazi mbili zinachanganywa. Ya kwanza ni kulijua umbo la bluzi mpaka lisikuhitaji kufikiri. Ya pili ni kuliacha umbo hilo libebe Kiswahili chako na mambo ya mji wako. Anayeruka ya kwanza hupotea jukwaani. Anayeishia hapo hubaki mwigaji mzuri. Mwongozo huu unakupeleka kwenye zote mbili kwa mpangilio, mpaka usiku wako wa kwanza wa kulipwa.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Gita la akustiki lisilouma vidole. Nyuzi nyembamba zinazoanzia .011 zinatosha, kwa sababu bluzi inataka uzi uvutike.
- Seti moja ya nyuzi za akiba, na uzi mwembamba wa kwanza mmoja zaidi. Huo ndio hukatika.
- Kapo, yaani kibanio cha shingo ya gita, ili ubadilishe kii (kimo cha wimbo) ifuate koo lako bila kujifunza kodi mpya (noti kadhaa zinazopigwa pamoja).
- Simu yenye programu ya kutyuni, ya metronomu (inayogonga mapigo sawasawa) na ya kurekodi.
- Daftari na kalamu. Simu inatosha kurekodi, lakini mashairi yaandike kwa mkono, uone ulichofuta.
- Ubao mnene wa kukanyagia, upana wa nyayo mbili.
- Kitambaa cha pamba kikavu, na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kitambaa usikidharau. Hewa ya chumvi ya pwani hula nyuzi upesi, na uzi wenye kutu hautyuniki vizuri wala hauvutiki. Futa kila uzi ukimaliza kupiga, juu na chini, kisha rudisha gita ndani ya mfuko pamoja na vile vipakiti. Usiliache kwenye tuktuk lililoegeshwa juani: gundi hulainika na daraja linaloshika nyuzi huanza kunyanyuka.

Gita la umeme, pedali na amplifaya kubwa vinaweza kusubiri. Mpiga bluzi Muddy Waters alihamia Chicago mwaka 1943 na akashika gita la umeme kwa kuwa baa za huko zilikuwa na kelele kuliko nyuzi za kawaida. Wewe bado hujafika penye kelele hiyo.

## Hatua ya 1: Shika vipimo 12 mpaka visikuponyoke

Kipimo kimoja ni kuhesabu moja, mbili, tatu, nne. Mzunguko mmoja wa bluzi ya kawaida una vipimo 12. Anza na kii ya A, kwa sababu kodi zake tatu ni rahisi kwa mkono wa kushoto:

- Vipimo 1 hadi 4: A7
- Vipimo 5 na 6: D7
- Vipimo 7 na 8: A7
- Kipimo 9: E7
- Kipimo 10: D7
- Kipimo 11: A7
- Kipimo 12: E7, inayokurudisha mwanzo

Weka metronomu mapigo 96 kwa dakika. Mzunguko mzima una mapigo 48, kwa hiyo utachukua nusu dakika kamili. Hesabu hiyo itakufaa baadaye utakapopanga muda wa jukwaani.

Piga mizunguko minane bila kusimama huku ukihesabu kwa sauti: "moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne", hivyo hivyo mpaka kumi na mbili. Hesabu kwa mdomo, kwa sababu mdomo ndio utakaoimba. Ukihesabu kichwani, siku mdomo utakapokuwa na kazi nyingine hesabu itaondoka nao.

Onyo: wengi wanakosea kipimo cha 8. Wanaingia E7 mapema kwa kuwa wamechoka kusubiri kwenye A7. Ukijikuta unafanya hivyo, punguza mwendo hadi 70 na usitie pambo lolote kwenye vipimo vya 7 na 8.

Umefaulu ukiweza kujibu swali la mtu aliye chumbani, kwa sentensi nzima, huku mikono ikiendelea na ukijua uko kipimo cha ngapi.

Halafu tafuta kii ya koo lako. Imba chochote kwenye A. Kama noti za juu zinakubana au za chini zinazama, weka kapo na ujaribu tena. Kapo kwenye kitufe cha 3 (nafasi ya tatu kati ya vyuma vya shingo) na kodi zile zile inakupa kii ya C. Ukishaipata, iandike daftarini na ukae nayo. Anayeanza hahitaji kii zaidi ya mbili.

## Hatua ya 2: Mguu kwanza, vidole baadaye

Mwendo wa bluzi unaotembea huitwa shafuli. Kila pigo moja hugawanywa vipande vitatu vidogo, nawe unapiga cha kwanza na cha tatu. Unasikika kama "daa-da, daa-da, daa-da, daa-da": mrefu, mfupi, mrefu, mfupi.

Hapa aliyekulia Ganda, Kakuyuni au Marafa ametangulia wenzake. Mtikiso wa kayamba unaokwenda tatu-tatu ndani ya kila pigo una mgawanyo huo huo. Mwombe anayejua kayamba akushikie mwendo kwa dakika kumi, wewe ukanyage ubao kwenye pigo kubwa na mkono wa kulia ufuate mbegu. Nimeona watu waliohangaika na metronomu wiki nzima wakaelewa shafuli jioni moja kwa njia hii. Metronomu inakuambia pigo liko wapi. Kayamba inakujaza kilichomo katikati.

Mguu ndio ngoma yako. Mpiga bluzi John Lee Hooker alirekodi nyimbo zake za mwanzo huko Detroit mwaka 1948 akiwa na sauti, gita la umeme na mguu unaogonga sakafu, na haikuhitajika bendi. Weka ubao chini ya mguu wa kulia na kanyaga kila pigo. Ukikanyaga kwa kisigino sauti inakuwa nzito, kwa vidole inakuwa nyepesi. Chagua moja, usichanganye bado.

Umefaulu ukiweza kunyamazisha gita kwa vipimo viwili vizima, mguu ukaendelea, na ukarudi kwenye kodi sahihi.

## Hatua ya 3: Andika ubeti wako

Ubeti wa bluzi wa kawaida una mistari mitatu. Wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia, wa tatu unalijibu. Kurudia kuna kazi: msikilizaji anapata muda wa kulishika jambo, nawe unapata muda wa kulisema kwa uchungu zaidi mara ya pili.

Anayejua mashairi ya Kiswahili tayari ana kipimo cha kutosha. Mstari wa mizani (silabi) 16, nane ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na nane utao, yaani cha pili, unakaa ndani ya bluzi bila kulazimishwa. Tazama:

*Kusi imevuma sana, ngalawa haikushuka,*
*Kusi imevuma sana, ngalawa haikushuka,*
*Deni dukani lanona, na samaki hajafika.*

Sasa uweke kwenye mapigo. Kipimo cha kwanza, pigo la "moja" liache kwa gita. Anza kuimba kwenye "mbili", silabi mbili kwa kila pigo, moja ndefu na moja fupi. Ukifanya hivyo, "sa" ya "sana" itaangukia "moja" ya kipimo cha pili, na "shu" ya "haikushuka" itaangukia "moja" ya kipimo cha tatu.

Hilo si bahati. Kiswahili kinatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na kila kipande cha mizani nane kinaweka silabi hiyo mahali pa saba. Ukianzia pigo la pili, mkazo wa neno na pigo zito la kipimo vinakutana penyewe, mstari baada ya mstari. Ndiyo maana nasema bluzi ya Kiswahili haihitaji kuombwa radhi: lugha yenyewe inalikubali umbo.

Jambo la kuepuka ni mkazo kuhamia silabi isiyo yake. Ukiimba "SAmaki" au "ngalaWA" kwa kuvuta mahali pabaya, msikilizaji wa hapa atasikia mgeni anayesoma kutoka karatasini. Soma ubeti kwa sauti ya kawaida ya kuzungumza, kanyaga ubao, kisha imba. Neno likikataa, libadilishe. Kiswahili kina visawe vya kutosha.

### Andika kitu kinachoonekana

Mstari kama "Nimeachwa na mpenzi, moyo wangu unaumia" ungeweza kuandikwa na yeyote, popote. Hauna mji ndani yake. Chukua jambo unaloliona kwa macho kisha uliache libebe huzuni. Malindi ina mengi: mto Sabaki unaoshusha udongo mwekundu wakati wa mvua mpaka bahari inabadilika rangi, hoteli zinazofunga milango masika, mashamba ya chumvi kule Gongoni, kijana anayesubiri abiria juu ya bodaboda yenye mkopo.

*Sabaki imefurika, bahari sasa ni tope,*
*Sabaki imefurika, bahari sasa ni tope,*
*Na wageni wameruka, mfukoni ni kweupe.*

Ubeti huo haukutaja huzuni hata mara moja. Mfanyakazi wa hoteli aliyepewa likizo ya lazima mwezi wa nne ataielewa kabla hujafika kipimo cha kumi na mbili.

Fanya zoezi hili: kwa siku saba, andika kila jioni mistari miwili ya mambo uliyoyaona siku hiyo, bila neno moyo, mapenzi wala machozi. Siku ya nane chagua miwili iliyokaa kichwani na utafute jibu la kila mmoja.

Vina ni vizuri lakini visikutawale. Kama jibu la kweli halina kina, chagua jibu la kweli. Mshairi wa karatasini atakukosoa. Msikilizaji aliyeguswa hatahesabu.

Umefaulu ukimwimbia mtu ubeti mara moja tu, naye akaweza kukuambia kilichotokea ndani yake.

## Hatua ya 4: Imba, nyamaza, gita lijibu

Mstari wako ukiisha kwenye pigo la kwanza la kipimo cha tatu, yanabaki mapigo saba kabla ya kipimo cha tano. Hapo ndipo gita linasema. Wanaoanza huogopa nafasi hiyo, wakaijaza kodi zile zile kwa nguvu. Gwiji wa bluzi B.B. King alifanya kinyume kabisa: alipoimba gita lake lilinyamaza, alipomaliza mstari gita likaimba. Hakuwa mtu wa kupiga kodi, akalisema waziwazi, na bado ukisikia noti moja unajua ni yeye.

Kwa kuanzia tumia noti tano tu za kii ya A: A, C, D, E na G. Imba mstari, kisha jaribu kulipiga gita kama ulivyoimba. Kama umeimba "ngalawa haikushuka", jibu la gita liwe na mwendo wa maneno hayo. Ukikosa wazo, piga noti mbili na unyamaze. Noti mbili zenye maana zinashinda mfululizo wa kasi ambao kila mtu ameusikia.

Noti ya C ndiyo yenye siri. Iko kwenye uzi wa G (wa tatu ukianzia ule mwembamba), kitufe cha 5. Ivute kidogo sana kuelekea C-shapu, noti inayofuata juu yake, usiifikishe. Sauti ile ya katikati, isiyo huku wala kule, ndiyo watu wanayoiita bluzi. Masikio ya pwani hayaioni ngeni: udi wa taarabu hauna vitufe, na mpigaji wake hupita baina ya noti kila wakati. Msikilize mpigaji udi mzuri, kama marehemu Zein l'Abdin wa Lamu, uone anavyoifikia noti kwa kuinyemelea. Kisha rudi kwenye uzi wako wa G.

Onyo: usivute uzi kabla hujatyuni. Na baada ya kuvuta sana, tyuni tena. Joto la Malindi hulegeza nyuzi hata bila kuguswa.

Umefaulu ukirekodi mizunguko minne na, ukisikiliza, usisikie mahali gita na sauti vinakanyagana.

## Hatua ya 5: Kutafuta upekee bila kujilazimisha

Hapa ndipo maswali mengi yanatoka, na ndipo nataka ukae zaidi.

Upekee hautafutwi moja kwa moja. Anayekaa chini akaamua kuwa wa pekee huishia na vituko: kofia, miwani, gita lililotyuniwa ajabu. Upekee unatokana na mambo matatu yanayoweza kufanyiwa kazi.

La kwanza, iga mpaka ujue unapishana wapi. Chagua mpigaji mmoja tu na wimbo wake mmoja. Ujifunze kipimo kwa kipimo, pumzi kwa pumzi, mpaka uweze kuupiga pamoja na rekodi. Kisha jirekodi ukiupiga peke yako na ulinganishe. Mahali uliposhindwa kufanana naye, paandike. Labda unachelewa kidogo kuingia mstari wa tatu. Labda unakata neno mapema. Labda mguu wako ni mzito. Nusu ya tofauti hizo ni makosa ya kurekebisha, nusu nyingine ni wewe. Zinazokusumbua sikioni zirekebishe. Zinazokupendeza zikuze.

La pili, leta kitu kimoja cha nyumbani. Kimoja, si vitano. Mpiga gita Ali Farka Touré wa Niafunké, Mali, aliimba kwa Kisonghai na lugha nyingine za kwao, na gita lake lilifuata ala za kwao alizozipiga kabla ya gita. Watu wa Marekani walipomsikia walisikia bluzi. Yeye alisikia nyumbani. Kwako inaweza kuwa mwendo wa mwanzele, ngoma ya Wagiriama, kwenye mguu. Inaweza kuwa kiitikio cha harusi, ambapo wasikilizaji wanajibu badala ya gita. Inaweza kuwa lafudhi yako ya Kimalindi au Kigiriama isiyofichwa.

Kuna mipaka ambayo ni lazima uijue. Usichukue adhana, kisomo cha Kurani wala kasida ya maulidi ukaipeleka penye vinywaji. Mahadhi hayo yana mahali pake na watu wake, na mji utakusahau kwa haki. Ngoma za uganga za Wagiriama nazo uliza kwanza. Nenda kwa mzee, mwamkie, mweleze unachotaka kufanya, na akikataa umekubali. Ngoma za furaha ziko nyingi na hazina miiko hiyo.

La tatu, vunja umbo kwa sababu. Mizani nane kwa nane ikishakaa, itakuchosha ukiirudia kila mstari, na msikilizaji pia. Kata utao uwe mizani sita na uvute neno la mwisho. Acha ukwapi peke yake, kisha nyamaza kipimo kizima. John Lee Hooker mara nyingi hakufuata vipimo 12: alibadilisha kodi pale maneno yake yalipokuwa tayari, au akabaki kwenye kodi moja wimbo mzima. Wewe pia unaweza, lakini uwe umeshafika hatua ambayo ukiombwa urudi kwenye vipimo 12 unarudi papo hapo. Asiyejua hesabu na aliyeiacha kwa makusudi hutofautiana sana masikioni, hata kwa mtu ambaye hajui muziki.

Jaribio la upekee ni rahisi. Mpe rafiki rekodi mbili bila kumwambia kitu, moja yako na moja ya mwenzako wa kiwango chako. Akikutambua kabla hujaanza kuimba, kwa gita na mguu pekee, umepata kitu. Akikutambua kwa maneno tu, hilo pia ni zuri. Kazi ya vidole inaendelea.

## Hatua ya 6: Panga nusu saa

Beti nne na mizunguko miwili ya gita ni mizunguko sita, yaani dakika tatu. Nyimbo nane ni dakika 24. Ongeza kutyuni na maneno machache ya katikati, umepata nusu saa.

Zisiwe zote na mwendo mmoja. Tatu za shafuli, mbili za polepole, mbili za kuchezeka, na moja ya kodi moja ambayo unaweza kuirefusha au kuifupisha kulingana na hali. Tano ziwe zako. Wimbo wako bora uwe wa pili: wa kwanza watu bado wanageuza viti.

## Hatua ya 7: Tafuta mahali

Anzia barazani. Jirani wanne au watano, jioni, bila spika. Hapo utajua ubeti upi unafanya mtu anyanyue kichwa. Fanya hivyo mpaka usitetemeke tena kuanza.

Kisha nenda kwa mkahawa mdogo kabla ya hoteli kubwa. Pita mchana wa katikati ya wiki, saa ambayo meneja hana wateja. Mwamkie kulingana na umri wake. Maneno yawe mafupi: "Shikamoo mzee. Napiga gita na kuimba bluzi kwa Kiswahili, peke yangu, nusu saa. Naomba Alhamisi moja nipige kwa sauti ya chini, wageni waendelee kula na kuzungumza. Ukipenda tutazungumza malipo ya zitakazofuata." Uwe na rekodi ya dakika moja kwenye simu, ianze moja kwa moja na sauti yako.

Angalia msimu. Hoteli za Malindi na Watamu huwa na watu kuanzia Desemba hadi Machi, na tena Julai na Agosti. Masika, kuanzia Aprili, nyingi hufunga au hupunguza kazi. Omba nafasi Oktoba au Novemba, meneja anapopanga burudani. Masika itumie kuandika.

Kabla ya usiku wenyewe mkubaliane mambo haya, na uyatume kwa ujumbe wa simu yabaki yameandikwa:

- Malipo ni kiasi gani, kwa M-Pesa au taslimu, na saa ngapi.
- Chakula kimo au hakimo.
- Nani analipa bodaboda ya kukurudisha usiku na gita mgongoni.
- Mahali pana spika na maiki, au unaleta mwenyewe.
- Mahali pana leseni ya kupiga muziki hadharani.

Ramadhani usiombe nafasi mjini. Siku nyingine panga kuanza baada ya Isha, na kama adhana itakukuta katikati ya wimbo, malizia mzunguko na usubiri. Hakuna atakayekulaumu kwa kusubiri. Majirani nao wahesabu: Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, na malalamiko ya nyumba moja yanaweza kuzima muziki wa mahali pazima.

## Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Fika mapema kuliko wageni. Weka spika mbele yako kidogo, zikielekea watu, kamwe zisielekee maiki. Spika ikipiga mluzi, usikimbilie kuzima yote: punguza sauti ya gita kwanza, kisha besi, kisha sogea nyuma hatua moja pamoja na maiki. Maiki iwe karibu na mdomo, upana wa vidole vitatu. Ukiwa mbali nayo utalazimika kuongeza sauti, na mluzi utarudi.

Ufukweni upepo huingia kwenye maiki na kuvuma. Funika maiki kwa kile kisponji chake, na ukae ukuta ukiwa upande upepo unakotoka.

Tyuni mara tu unapokaa, halafu tena baada ya wimbo wa kwanza. Usitangaze wimbo kwa maelezo marefu. Sentensi moja inatosha: "Huu ni wa mwezi wa nne, hoteli zikifungwa." Kisha mguu, vipimo vinne, uanze.

Ukipotea, na utapotea siku moja, acha gita na uendelee kukanyaga. Rudia mstari uliokuwa ukiimba. Msikilizaji atadhani umekusudia. Ukikanyaga "moja" ya kipimo kipya, ingia na A7 kama vile ndiyo mwanzo wa mzunguko.

Uzi ukikatika, maliza wimbo kwa nyuzi zilizobaki, mguu ukibeba. Badilisha wakati wa mapumziko.

Mgeni atakuomba zile nyimbo za kukaribisha watalii. Mjibu kwa heshima, mwambie utamwimbia wa mji huu, kisha umpigie ule wa kuchezeka. Ikiwa meneja ndiye anayeomba, ni mahali pake: jua mmoja, uupige kwa mwendo wako wa shafuli, uendelee.

Umefaulu usiku wa kwanza ikiwa meza moja imeacha kuzungumza kwa ubeti mzima. Meza moja inatosha. Usipime kwa makofi, kwa kuwa watu wanaokula hawapigi makofi sana.

## Hatua ya 9: Asubuhi yake

Sikiliza rekodi ukiwa na daftari, si usiku ule ule. Andika mambo matatu: wapi hesabu ilitetereka, wapi watu walinyamaza, na mstari upi uliukimbia kwa kuuonea haya. Mstari uliouonea haya urudie wiki nzima, kwa kuwa mara nyingi ndio wa kweli zaidi. Penye hesabu kutetereka, rudi hatua ya kwanza kwa mapigo 70.

Mpigie meneja kumshukuru na kumuuliza tarehe nyingine. Futa nyuzi.

Wimbo ukikataa kwa hadhira tatu tofauti, utoe kwenye orodha lakini usiuchane. Aghalabu ndani yake kuna mstari mmoja unaofaa wimbo mwingine. Uhamishie kurasa za nyuma za daftari, na ubavuni mwake andika kii uliyokuwa ukiimbia.